Kuona Shaka na Kuwa Mwenye Shaka: Sarufi ya Imani katika Biblia ya Kiswahili

Katika mahubiri na mafundisho ya kipaimara, shaka huzungumzwa kama kitu kimoja, nacho ni kinyume cha imani. Mfano unaotolewa mara kwa mara ni Tomaso. Tahakiki hii inadai kwamba Biblia ya Union Version (1952) haisemi hivyo, na kwamba ushahidi umo katika sarufi yake zaidi kuliko katika msamiati wake.

Tuanze na Tomaso mwenyewe. Katika masimulizi yake, Yohana 20:24-29, neno shaka halitumiki. Vitenzi vinavyotumika ni -sadiki na -amini katika hali ya kukanusha, sawa na matini ya Kiyunani, ambayo nayo inataja kutoamini. Wanaoona shaka wamo katika Injili ya Mathayo: Petro anapoanza kuzama (14:31), na baadhi ya wanafunzi mbele ya Yesu aliyefufuka (28:17). Hapo Kiyunani kina distazo, kitenzi kinachopatikana mara 2 tu katika Agano Jipya lote, na mara zote 2 kimekaa jirani na tendo la kuabudu.

Yakobo 1:6 ana kitenzi kingine, diakrinomai, kinachobeba dhana ya kugawanyika. Kiswahili kinatumia nomino ile ile, shaka. Mhakiki anaweza kulalamika kwamba tofauti imefutika, na kwamba lawama ya Yakobo sasa inamwangukia Petro. Katika kiwango cha msamiati, lalamiko hilo lina msingi.

Muundo, hata hivyo, unatoa ushahidi tofauti. Kwa Mathayo mtu anaona shaka. Kwa Yakobo yeye ni mwenye shaka. Kuona hapa ni ndugu wa kuona kiu, kuona baridi na kuona haya: nafsi inafikiwa na hali, wala haijaichagua. Kwa upande wake, -enye humilikisha. Ni kweli kwamba -enye huweza kubeba hali ya kupita, kama katika mwenye njaa. Lakini katika Yakobo muktadha unaomtaja mtu wa nia mbili (1:8) unaielekeza kwenye tabia, kama katika mwenye kiburi.

Mgawanyo huu si kamili. Marko 11:23 inatumia kuona shaka mahali ambapo Kiyunani kina diakrinomai. Kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba watafsiri walikusudia utaratibu. Tunachoweza kudai ni kwamba lugha yenyewe imempa msomaji wa Mathayo nafasi ambayo nomino peke yake ingemnyima.

Nafasi hiyo si ndogo. Petro anaulizwa sababu ya shaka yake baada ya mkono kunyoshwa na kumshika, na imani yake inaitwa haba, haiitwi batili. Mwumini anayeona shaka akiwa ibadani ana wenzake katika Mathayo 28. Mhubiri anayemsomea Yakobo 1 badala yake amegeuza kiu kuwa kiburi. Aidha, mhariri wa tafsiri atakayebadilisha kuona shaka kuwa kuwa na shaka, kwa kudhani anasahilisha tu, ataondoa tofauti ambayo waumini wanaihitaji.