Kumkopesha Adui Pumzi

Neno gereza limetujia kutoka kanisani. Wanaisimu husema asili yake ni igreja, jina la kanisa kwa Kireno. Waswahili walilipokea, wakalifinyanga kwa ndimi zao, na baada ya miaka ibada ikapotea ndani ya neno, zikabaki kuta. Kisha Waingereza wakatimiza maana: kuanzia 1895 hadi 1958 waliifanya Ngome ya Yesu, pale Mombasa, kuwa jela.

Naandika riwaya ya Mombasa ya karne ya 17, na kila nikikaa mezani neno hili hunitangulia kwenye kiti. Mhusika wangu ni Yusuf bin Hasan. Baba yake, mfalme wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, akaoa mke Mkristo, kisha akarudishwa kwao kutawala chini ya jicho la kapteni Mreno wa ngome ileile. Agosti 1631 aliingia ngomeni akamuua kapteni huyo, Pedro Leitão de Gamboa. Siku zilizofuata Wakristo wa mji, Wareno kwa Waafrika, walitakiwa kuchagua kati ya Uislamu na kifo, na wengi walichagua kifo. Mwaka uliofuata Yusuf alitweka tanga, akawa mharamia.

Mengi tunayoyajua kuhusu siku zile yalitolewa kwa kiapo mbele ya kanisa huko Goa, mashahidi walipoulizwa habari za wafiadini. Sauti ya Yusuf imo humo, ila inatoka kwenye vinywa vya watu aliowaliza. Mimi ni Mkristo, na waliokufa ni ndugu zangu katika imani. Hakuna kitu rahisi kwangu kama kuandika kitabu chenye watakatifu wengi na shetani mmoja.

Nusu ya kazi hii ni ufundi, na ni tamu kama kazi ya fundi jahazi: ubao kwa ubao, kalafati katikati, la sivyo maji yanaingia. Mhusika wangu hawezi kupita katikati ya mashamba ya karafuu ya Unguja, kwa maana mashamba hayo ni ya karne ya 19. Nikiandaa chakula naweka mtama na wali. Mahindi, mgeni kutoka Amerika, siyapakui ovyo. Mjane wa Kikristo wa 1631 hawezi kunong'ona zaburi kutoka Biblia ya Kiswahili, kwani Krapf aliyeanza kuyatafsiri Maandiko Mombasa alifika huko 1844. Mjane wangu ataomba kwa Kireno alichokariri au Kilatini asichokielewa, na kilio chake ndicho kitakachokuwa cha Kiswahili.

Rafiki zangu huniona msumbufu. Mtama au mahindi, nani atajua? Lakini Luka, kabla ya kumlaza mtoto horini, alimtaja Kaisari Augusto na liwali wa Shamu. Anayeamini kwamba Mungu alizaliwa katika mji wenye jina, chini ya mtawala mwenye jina, hana ruhusa ya kuzidharau tarehe. Kuuheshimu mwaka wa watu, na chakula chao, na lugha waliyoililia, kwangu ni sehemu ya sala.

Lew Wallace aliifahamu sala hiyo kabla hajaifahamu dini. Alikuwa jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1876, safarini kwa treni, alizungumza na Robert Ingersoll, mpinga dini mashuhuri, akaona haya kwamba hakuwa na la kujibu. Akajizamisha vitabuni na kwenye ramani za Palestina, nchi ambayo hakuwa ameiona kwa macho. Riwaya yake, Ben-Hur, ikatoka 1880. Humo mfungwa Yuda anaswagwa kupitia Nazareti akielekea utumwani merikebuni, koo limekauka. Mwana wa seremala anamnywesha maji, hatamki neno. Mwandishi aliyeweza kumnyamazisha Yesu kwa heshima namna ile alikuwa fundi. Ila Messala, adui wa Yuda, hakuonjeshwa hata tone na mwandishi wake. Ni kiburi kitupu, utosini hadi nyayoni.

Kwetu, James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Ni habari za watu waliokombolewa wakapewa makazi Freretown, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 jirani na Mombasa. Baba yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa, kwa hiyo maktaba yake ilikuwa nyumbani, ikikohoa na kusimulia. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwapamba mno Waingereza na kuwapaka Waarabu masizi. Lawama ina haki, lakini namwelewa Mbotela. Mtoto wa mtu aliyetolewa shimoni huusifu kwanza mkono uliotoa. Kuuliza mkono ule ulitafuta nini ni kazi ya wajukuu.

Aliyelivuka shimo hili la kumnyima adui utu ni Shusaku Endo wa Japani, Mkatoliki aliyebatizwa utotoni. Riwaya yake Chinmoku, ya 1966, inarudi karne ileile ya Yusuf, na Wareno walewale. Padri anatakiwa kuikanyaga sanamu ya Kristo ili Wakristo wanaoteswa waachiwe. Endo alimpa mtesi Inoue akili, subira na hoja zinazomshinda msomaji. Akampa Kichijiro, msaliti anayerudi kila mara kuungama, unyonge ambao kila mmoja wetu anautambua. Nilipokifunga kitabu sikujua nimchukie nani.

Amri ya kumpenda adui tunaitikia amina kila Jumapili, kisha tunakwenda nyumbani kula. Riwaya haipokei amina. Inataka umkopeshe adui pumzi yako kwa kurasa mia tatu, aamke nayo asubuhi, aone njaa nayo, amkumbuke mama yake nayo. Kumpenda hivyo hakumwoshi damu mikononi. Wafiadini wa Mombasa wanabaki wafiadini, na kisu kinabaki kisu. Lakini aliyekishika alikuwa mtu, na mtu ana utoto.

Inasimuliwa kwamba Wareno walianza kumshuku Yusuf alipoonekana kwenye kaburi la baba yake akimwombea kwa dua za Kiislamu. Kwa muda mrefu niliiandika sura hiyo nikiwa nimejibanza kizani pamoja na jasusi, tukimchungulia mfalme. Haikusimama. Juzi nikatoka mafichoni, nikaenda kupiga magoti ubavuni mwake. Nikamkuta ni yule mtoto wa miaka saba hivi, amekuwa mtu mzima katika nguo za Kireno, anaitafuta dua aliyofundishwa kabla ya Goa. Midomo inatikisika. Maneno ya kwanza yanayomtoka ni ya Kireno, yaleyale anayoyaomba yule mjane upande wa pili wa mji.

Kalamu ikasimama hapo, nami nikawaacha wote wawili wakiomba.