Seli Zisizokufa: Tahakiki ya Kitabu

Kitabu cha Rebecca Skloot, The Immortal Life of Henrietta Lacks (2010), chastahili sifa kwa kumrudishia jina mwanamke ambaye seli za uvimbe wake zilichukuliwa bila idhini yake huko Baltimore, Marekani, mwaka 1951. Hata hivyo, neno la «kutokufa» katika anwani yake lahitaji kupimwa. Seli zitolewazo moja kwa moja mwilini hugawanyika kwa muda, kisha hukoma. Lakini hufanana na mwili zilikotoka. Seli za HeLa hazikomi, kwa kuwa ni za saratani: zina kromosomu kati ya 76 na 80 badala ya 46. Basi kinachodumu maabarani ni ugonjwa uliomwua Henrietta. Mhubiri atakayelitumia neno hilo mimbarani asichanganye kudumu huko na uzima.