Nyuma ya Pakiti ya Kwanza

Orodha ni fupi: unga wa ugali kilo mbili, mkate, nyanya, sabuni ya kufulia, karatasi ya choo. Mnunuzi anatoka kwenye fleti moja ya Muthangari, mtaa ambao mawakala wa nyumba hupenda kuuita Lavington, anavuka barabara ya James Gichuru na baada ya saa moja hivi amerudi na mifuko miwili. Hapana kisa cha kusimulia hapo, na ndiyo maana nimeichagua safari hii. Ndani ya saa hiyo kuna kazi nyingi iliyofanyika, na sehemu kubwa yake haikufanywa na supamaketi.

Ukiitazama kwa jicho la fundi, supamaketi ni ustadi wa kuwagawia wengine kazi. Mteja hupewa kazi ya mwenye duka. Msambazaji hupewa kazi ya kupanga rafu, na juu yake kazi ya kutoa mtaji. Kampuni ya simu hubeba pesa. Kinachobaki kwa mwenye supamaketi ni kodi ya jengo, umeme wa friji, mishahara ya makeshia na hesabu ya siku ngapi anaweza kukaa na pesa za watu.

Tuanze na mteja, kwa kuwa yeye ndiye asiyejua kwamba ameajiriwa. Nenda Kawangware, mwendo mfupi tu kutoka hapa, utakuta duka la mtaa lenye wavu wa chuma. Unasimama nje, unataja unachotaka, mwenye duka anakipandia rafuni, anakishusha, anapiga hesabu kichwani. Maduka karibu yote duniani yalikuwa hivyo hadi Septemba 1916, Clarence Saunders alipofungua duka lake la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, akawafungulia wateja rafu wajichukulie wenyewe hadi mlangoni, ambako walilipa. Saunders aliokoa mishahara ya wauzaji; wateja nao wakafurahia uhuru wa kushika na kuchagua. Nchini Kenya mtindo huo ulipata msukumo wa serikali pale supamaketi ya Uchumi ilipoanzishwa mwaka 1975 kwa mtaji wa mashirika ya umma. Tangu hapo tumezoea kusukuma toroli wenyewe na kuona kwamba hiyo ndiyo raha ya mjini.

Mnunuzi wetu anaanzia kwenye nyanya, na hapa pana ufundi unaostahili kutazamwa polepole. Anachagua, anatia kwenye mfuko, anampelekea mhudumu wa mizani. Mhudumu anabonyeza namba ya bidhaa, mizani inatema stika yenye mistari myeusi na tarakimu 13 chini yake. Tarakimu hizo si namba ya kiwandani. Barkodi inayoanza na 2 imetengwa duniani kote kwa matumizi ya ndani ya duka: kila duka hujitungia maana yake. Kwa kawaida tarakimu za mbele hutambulisha bidhaa, na tano zinazotangulia ile ya mwisho hubeba uzito au bei. Tuseme stika inasomeka 2001234008709. Hizo 20 ni alama ya matumizi ya ndani, 01234 ni nyanya katika daftari la duka hilo, 00870 ni gramu 870.

Ile 9 ya mwisho ni mlinzi. Chukua tarakimu 12 za kwanza. Zilizo katika nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hivyo, zijumlishe: 2, 0, 2, 4, 0, 7, jumla 15. Zilizo katika nafasi ya pili, ya nne na kuendelea zijumlishe pia: 0, 1, 3, 0, 8, 0, jumla 12, kisha zidisha mara tatu upate 36. Kumi na tano na 36 ni 51. Ili kufika kwenye kumi inayofuata, yaani 60, zinahitajika 9. Mashine ya keshia hufanya hesabu hii kila inapolia, na jibu lisipolingana hukataa kusoma. Ndiyo sababu stika iliyokunjamana huzungushwa mara tatu nne mbele ya kioo huku foleni ikinung'unika.

Mlinzi huyo hujua kama tarakimu zimesomwa sawasawa. Hajui kama ndani ya mfuko mna nyanya au vitunguu saumu. Mhudumu akibonyeza namba ya bidhaa ya bei ghali zaidi, hesabu itakubali bila swali, na kosa litasafiri nawe hadi jikoni. Jina la bidhaa limeandikwa kwenye stika hiyo hiyo. Lisome ukiwa bado umesimama kwenye mizani.

Unga na sabuni vina barkodi ya aina nyingine. Nyingi za hapa kwetu huanza na 616, na watu wengi huamini kwamba hiyo ni dalili ya bidhaa iliyotengenezwa Kenya. Si hivyo. 616 husema tu kwamba kampuni ilijisajili kupitia GS1 Kenya, shirika linalosajili barkodi. Kiwanda chenyewe kinaweza kuwa popote. Jambo la pili ni kubwa zaidi: barkodi hiyo haina bei ndani yake hata kidogo. Ni utambulisho mtupu. Bei imo kwenye kompyuta ya duka, na mtu mmoja ofisini hubadilisha bei ya sabuni katika matawi yote kwa kubonyeza mara moja. Karatasi ya bei iliyochomekwa kwenye rafu, kwa upande mwingine, hubadilishwa na mtu anayetembea na rundo la karatasi mkononi, na mtu huyo ana rafu nyingi na miguu miwili. Hapo ndipo huzaliwa ile tofauti ya bei ya rafuni na ya kaunta ambayo kila mnunuzi wa Nairobi ameionja. Sitetei duka: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mteja, na karatasi iliyochakaa si kisingizio. Nasema tu kwamba mara nyingi zaidi chanzo ni kasi mbili zisizolingana kuliko hila ya keshia, ambaye hana uwezo wa kubadilisha bei na ndiye anayetukanwa.

Kuhusu mkate kuwekwa mwisho wa duka ili upite kwenye biskuti, na vitu vya bei ghali kuwekwa usawa wa macho, hayo yamesemwa mno na sina la kuongeza.

Nina la kuongeza kuhusu wanaopanga hivyo vitu. Kijana aliyechutama mbele ya sabuni, anayepangusa pakiti na kuzisogeza mbele, mtazame fulana yake. Mara nyingi ina nembo ya kampuni ya sabuni, wala si ya supamaketi. Ameajiriwa na msambazaji, au na wakala wa msambazaji, na kazi yake ni kuhakikisha bidhaa ya mwajiri wake haisukumwi kando na ya jirani. Ukimuuliza chumvi iko wapi atakuelekeza kwa adabu, ila chumvi haimhusu. Kwa hiyo mshahara wa mtu anayefanya kazi ndani ya duka hutoka nje ya duka, na hatimaye huingia kwenye bei ya sabuni.

Mshahara huo ni kitu kidogo ukilinganisha na mkopo. Na mkopo ndio unaoiendesha safari hii, ingawa mnunuzi wetu hauoni popote.

Ilinganishe supamaketi na mama mboga wa kwenye kona. Yeye huamka usiku, hupanda matatu kwenda soko la Marikiti au huteremka la Kangemi, na hununua sukuma wiki na nyanya kwa pesa mkononi. Jioni anakukatia sukuma bila malipo ya ziada, na ukimwambia "mama, nitakulipa kesho," anaandika kwenye daftari. Amenunua kwa pesa taslimu, ameuza kwa deni. Supamaketi hufanya kinyume chake kabisa: huchukua mali kwa deni na kuuza kwa pesa taslimu. Sabuni iliyoletwa leo inaweza kuuzwa wiki hii hii, na msambazaji akalipwa baada ya siku 30, 60, hata 90. Katika siku zote hizo zilizo katikati, pesa ulizolipa ziko mikononi mwa supamaketi bila riba. Zikitumika kununulia mali nyingine, mambo huenda. Zikitumika kufungulia tawi jipya, duka linakuwa limekopa kwa kiwanda cha sabuni bila kukiuliza.

Supamaketi ya Nakumatt ilikua hivyo hadi ikapita matawi 60 katika Afrika Mashariki, na ikaanguka kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2017 wasambazaji waliochoka kungoja walipunguza kuleta mali. Rafu zikawa tupu, wateja wakahama, pesa za kaunta zikapungua, madeni yakazidi kuchelewa. Januari 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe, na matawi sita yaliyobaki yakachukuliwa na supamaketi ya Naivas kwa shilingi milioni 422. Madeni yake yalizidi shilingi bilioni 30. Pale Junction, Ngong Road, ambako wakazi wengi wa upande huu walizoea kwenda Nakumatt, sasa kuna Carrefour. Supamaketi ya Tuskys ilifuata njia hiyo muda mfupi baadaye.

Mteja angeweza kuliona hilo likija miezi mingi kabla ya magazeti. Siku duka linapoishiwa mali, haliachi rafu wazi mara moja. Kwanza husogeza kilichopo hadi ukingoni, mstari mmoja tu wa mbele, ili ukipita na toroli uone ukuta uliojaa. Kisha hutanua bidhaa moja, maji ya chupa au karatasi ya choo, ichukue nafasi ya tatu zilizokosekana. Mnunuzi wetu akiingiza mkono nyuma ya pakiti ya kwanza ya unga, atajua kama kuna ya pili. Kipimo hiki hakihitaji shahada ya uhasibu. Kifanye kwenye bidhaa zinazotoka haraka na zinazotoka kwa makampuni tofauti: moja ikikosekana, huenda lori limechelewa, zikikosekana tano za makampuni matano, kuna watu hawajalipwa.

Bunge liliigusa mashine hii ya mikopo mwaka 2019, lilipoifanyia Sheria ya Ushindani marekebisho yanayotaja kuchelewesha malipo bila sababu ya haki kuwa matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha Carrefour nchini, faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kuhusu jinsi ilivyowatendea wasambazaji wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia. Kiini kilikuwa makato ambayo msambazaji hukubali ili abaki rafuni. Faini hiyo ilishtua wengi waliodhani uonevu wa supamaketi humwangukia mteja peke yake. Mimi naona mamlaka ilitazama mahali panapostahili: mteja akikerwa huvuka barabara akaingia duka jingine, lakini mwenye kiwanda kidogo cha asali hana pengi pa kuvukia.

Sasa kaunta. "Una kadi ya pointi?" "Namba ya simu?" Keshia anaingiza namba, simu inawaka, mnunuzi anaweka siri yake, na ujumbe unafika kabla mkate haujatiwa mfukoni. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007 kwa ajili ya kutumiana pesa. Malipo ya dukani yalipewa huduma yake, Lipa na M-Pesa, mwaka 2013. Makao makuu ya Safaricom yako Waiyaki Way, karibu kabisa na hapa. Kwa duka, faida yake inaeleweka: noti chache za kuhesabu na kusindikizwa benki, na mwisho wa ile aibu ya kumpa mtu peremende badala ya shilingi zake za chenji.

Kwa nyumba za Muthangari imeleta jambo jingine: anayenunua na anayelipa si lazima wawe pahali pamoja. Nenda kaunta yoyote katikati ya wiki utamsikia dada wa kazi akipiga simu: "Madam, imefika elfu mbili mia nne na kumi." Mwenye nyumba yuko ofisini Upper Hill, anatuma kwa namba ya till, keshia anasubiri ujumbe uingie. Nyuma yao foleni inajifunza subira. Risiti ya safari kama hiyo ina msomaji hasa, anayeingoja jioni, na nadhani hapa mjini si wengi wanaosoma risiti kwa makini kama waajiri hawa.

Wanachokisoma ni bei. Wangesoma pia herufi ndogo zilizo pembeni mwa kila bidhaa, zinazoonyesha kundi la kodi. Sabuni ina VAT ya asilimia 16 ndani ya bei: ukilipa 232, duka limeuza kwa 200 na 32 ni za serikali. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi kitu, wala nyanya mbichi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe hiyo 16. Pendekezo likaondolewa Juni 18, na siku nane baadaye, baada ya vijana kuingia Bungeni, rais akautupa mswada wote. Risiti ya mnunuzi wetu imebaki na mkate usio na kodi kwa sababu hiyo.

Mifuko amekuja nayo kutoka nyumbani, maana ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017. Mlangoni mlinzi anapokea risiti, anatupa jicho mfukoni, anaipiga muhuri. Kazi yake ni kuhakikisha risiti hiyo haitumiki mara ya pili. Bei wala uzito havimhusu. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha stika ya nyanya na mstari wake kwenye risiti, na bei ya sabuni na karatasi ya rafuni, afanye hivyo kabla ya muhuri, rafu ikiwa bado hatua chache nyuma yake na kaunta ya huduma kwa wateja ikiwa haijapata foleni.