Ndiyo, Afande

Wiki ya pili JKT, kwenye mchakamchaka wa alfajiri, afande alisimama mbele ya binti niliyelala naye kitanda kimoja, yeye juu mimi chini. Usiku kucha alikuwa ametapika. Afande hakumuuliza yeye, aliniuliza mimi: "Huyu mzima, sivyo?" Nikajibu kwa sauti ya kwata, "Ndiyo, afande!" Hatukufika mbali akaanguka.

Tangu siku hiyo nalichunguza neno hili, na nakiri nalipenda. Linajaa mdomoni. Wanaosema ni heshima tu, sawa na "mzee" au "shikamoo", nadhani hawajawahi kulipigia kelele saa kumi na moja asubuhi.

Lilikuja na bunduki. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri askari wa Kisudani huko Cairo, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri. Walikuwa wametumikia jeshi la Misri, ambalo vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki, wakaja navyo: ombasha, shaushi, efendi. Efendi ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa kwa Mwafrika katika jeshi la Wajerumani, na bado ofisa wa Kijerumani aliyeshuka melini juzi alikuwa juu yake. Waingereza nao walikitumia katika KAR. Idi Amin alikipata mwaka 1959.

Waturuki wenyewe walilitoa kwa Wagiriki, kwenye authentes. Kwa Wagiriki wa kale neno hilo liliweza kumaanisha mtu aliyeua kwa mkono wake mwenyewe; baadaye likawa bwana, mwenye amri. Sidai kwamba kila kuruta anabeba Ugiriki kichwani. Ila nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini kwanza.

Ombasha na shaushi wamekufa, wakaja koplo na sajini. Kwa nini afande alibaki? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu aliacha kuwa cheo. Koplo ni koplo hata akiwa amelala. Afande anakuwepo pale tu mtu wa chini anapofungua mdomo. Ndiyo maana bodaboda aliyesimamishwa bila kofia humwita konstebo "afande" kabla hata ya kuzima pikipiki: anampandisha ili ateremkiwe. (Afande Sele wa Morogoro alijipandisha mwenyewe, na hakuna aliyemdai kitambulisho cha jeshi.)

Na lina kazi nyingine ambayo sijaona ikisemwa. Linafunga sentensi. Ukishatamka "ndiyo, afande", hakuna nafasi ya "lakini" baada yake. Pumzi imekwisha, kisigino kimeshagonga. Siku ile nilikuwa na "lakini" yangu tayari. Ilikuwa na maneno matatu: ametapika usiku kucha. Najua afande angeweza kunirusha kichurachura kwa kuisema, na pengine angemtoa mwenzangu kwenye mstari. Yote mawili yangewezekana.

Alilazwa siku nne kwenye zahanati ya kambi, akarudi, akamaliza mafunzo kabla yangu kwa shabaha. Siku hizi akinipigia simu huanza vilevile: "Jambo, afande!" Halafu anacheka. Mimi najibu "Jambo," na tunaingia kwenye habari za watoto.