Hesabu ya Kupanda Sanje

Ushauri mwingi wa kupanda milima unaozunguka kwenye simu zetu umetoka jangwani bila kujitambulisha. Ondoka kabla hakujapambazuka, beba lita moja ya maji kwa kila saa utakayotembea, vaa kofia pana, chunga miiba. Ni maneno ya watu wa Arizona, wanaopita vijia vya chini ya milima ya Tucson katikati ya saguaro, yale madungusi marefu ya jangwa la Sonora yanayofika mita 12 na kuzidi. Kwao kila neno lina sababu yake. Mtu wa Ifakara akiubeba ushauri huo mzima mzima mpaka Sanje, atachoka kabla hajajua kwa nini.

Sanje iko mbele ya Mang'ula ukitokea Ifakara, na Mang'ula ndiko yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na anayetaka kuiona hana budi kushuka kwenye gari atembee. Kijia kinachopendwa kuliko vyote ni mzunguko wa kilomita 5 hivi unaopanda msituni mpaka kwenye maporomoko ya Sanje yanayoshuka kwa hatua, jumla yake mita 170 hivi, kisha unarudi chini. Muda unaotajwa ni saa nne. Kilomita 5 kwa saa nne! Mtoto wa sekondari huku bondeni anakwenda umbali huo asubuhi akiwahi namba, na hakuna anayempa pole.

Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliacha kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: hesabu saa moja kwa kila maili tatu, yaani karibu kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 za mwinuko, karibu mita 600. Tuseme mzunguko wa Sanje una mwinuko wa mita 400. Jibu ni saa moja na dakika 40. Toa nusu saa ya kuoga na kupiga picha. Bado karibu saa mbili hazina maelezo, na kuuchambua mwendo wa Sanje ni kutafuta saa hizo mbili zinaliwa na nini.

Za kwanza zinaliwa na mahali pa kukanyaga. Naismith alitembea Uskoti, kwenye nyasi na miamba iliyo wazi. Vijia vya Arizona navyo ni changarawe na mwamba mkavu, soli inashika. Msitu wa Udzungwa unakuwekea majani yaliyolowa, udongo mwekundu na mizizi. Utazame mzizi mmoja uliokatiza njia: gome limeshachubuliwa na viatu, umebaki mti mtupu uliolainika. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi mzizi huo unateleza kuliko tope la pembeni yake. Anayejua haukanyagi, anauruka. Akilazimika, anatua upande wa juu, pale mzizi ulipozuia udongo ukatengeneza kidato, na anatua kwa unyayo wote badala ya vidole. Kila hatua inataka jicho lake, na jicho linachelewesha kuliko paja.

Kuteremka hakurudishi muda huo. Kanuni ya Naismith haikuuhesabu mteremko kabisa, kana kwamba kushuka ni bure. Kwenye tope kushuka ndiko kunakodai zaidi: hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, uzito juu ya mguu uliotangulia. Wengi hufanya kinyume, wanaegemea nyuma kwa hofu, na kisigino kinaondoka. Hadi mwaka 2011, akina mama wa vijiji vya pembeni waliruhusiwa kuingia hifadhini siku moja kwa wiki kuokota kuni kavu, na waliteremka na mizigo kichwani. Mzigo wa kichwani haumruhusu mtu kuegemea nyuma. Ukitaka kumfundisha mgeni mwendo wa mteremko, anza na hapo.

Muda uliobaki unaliwa na joto, na hapa ndipo ushauri wa jangwani unapogeuka. Mwili hujipoza kwa jasho, lakini kinachopoza ni jasho linapokauka kwenye ngozi. Likidondoka tu, halikusaidii. Kwenye hewa kavu ya Tucson linakauka papo hapo. Mtu anabaki na chumvi shingoni, hajioni amelowa, na maji yanamtoka kwa kasi asiyoihisi. Ndiyo maana wanasisitiza lita moja kwa saa. Chini ya miti ya Udzungwa hewa imeshiba unyevu. Shati linalowa ndani ya dakika chache za kupanda na halikauki mpaka urudi barabarani. Jasho ni jingi, kupoa ni kidogo, tena uko kivulini kabisa na kofia yako pana haina kazi. Maji unayahitaji, nusu lita kwa saa inawatosha watu wengi kwa mwendo huu, lakini kunywa zaidi hakutakupoza. Hewa ikishindwa kuondoa joto, dawa ni kupunguza joto unalolizalisha, yaani kupunguza kasi.

Wapagazi wa Kilimanjaro wamelifanya neno "pole pole" kuwa maarufu duniani, ila kule sababu ni hewa nyepesi. Njia ya Sanje iko chini sana kwa hilo, hewa ni tele. Pole pole ya hapa ni ya joto. Kipimo chake ni mazungumzo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umepita kasi. Ukisimama, simama mapema na kwa muda mfupi, kabla moyo haujakulazimisha. Kusimama kuna faida nyingine pia. Mangabei wa Sanje, tumbili anayepatikana milima hii peke yake, alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, na kilichomfichua kwanza ni sauti yake. Anayehema hasikii kitu.

Kuhusu saa ya kuondoka, Arizona wana haki ya kuanza gizani na tochi kwa sababu saa nne asubuhi ya kiangazi chao tayari ni hatari. Sanje huanzi gizani. Unaingia na mwongoza wageni au askari wa hifadhi, na kingo za msitu zinazopakana na mashamba usiku ni za ndovu na nyati. Lakini usichelewe vilevile. Ukuta huu wa milima unatazama mashariki: jua linaupiga tangu linapochomoza, na jioni linazama nyuma ya mgongo wa mlima. Wakati watu wa Ifakara bado wana mwanga wa kutosha kucheza mpira, chini ya miti ya Sanje mizizi haionekani tena. Anza saa mbili asubuhi, saa sita au saba umeshatoka, na radi za mchana, kama zipo, zinakukuta chini.

Mavazi sitayakalia sana. Suruali ndefu, miguu yake imechomekwa ndani ya soksi, na si kwa ajili ya miiba. Ni kwa siafu. Msafara wao ukikatiza njia unauona kama uzi mweusi unaotembea. Shida si kuuruka, shida ni wale waliotawanyika hatua mbili kabla ya msafara, ambao umeshawakanyaga ukiwa unatazama mbele.

Anayetamani mandhari ya jangwani kweli hahitaji kwenda Marekani, azunguke tu nyuma ya milima hii hii. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi yanagonga ukuta wa mashariki, yanapanda, yanapoa na kumwaga mvua upande wa Kilombero. Yakivuka yamebaki matupu. Ndiyo sababu upande wa Ruaha Mbuyuni, kwenye barabara ya Morogoro kwenda Iringa, mlima uleule umezaa mibuyu, vichaka vya miiba na euforbia zenye mikono iliyonyooka juu. Kwa mbali utaapa ni saguaro. Hazina undugu, ukame umezifinyanga sura moja katika mabara mawili, na utomvu mweupe wa euforbia usiuguse halafu ukapangusa jicho. Huko lita moja kwa saa na kofia pana ni ushauri halali.

Hesabu ya Sanje inapimika kwenye njia kubwa zaidi. Njia ya Mwanihana ni kilomita 38, inaanzia bondeni na kufikia kilele kilicho juu ya mita 2,000. Kwa Naismith ni saa kumi na nusu hivi, mtu angesema anaimaliza kwa siku moja ndefu. Ukitumia kasi ya Sanje, kilomita 5 kwa saa nne, unapata saa 30: siku tatu za saa kumi kumi. Na ratiba yake ni siku tatu, usiku mara mbili mlimani. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa hiyo karibu na kilele ni baridi kuliko Mang'ula kwa nyuzi 10 hivi, na shati lililolowa tangu asubuhi bado liko mgongoni. Shati la pili na sweta vifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, ndani kabisa ya begi, visifunguliwe kabla ya kupiga kambi hata mvua ikikatika njiani.