Mguu, Sikio na Spana

Velocette haiwashwi kwa hasira. Venom, pikipiki ya Velocette yenye silinda moja ya cc 499 iliyotoka katika kiwanda cha ukoo wa Goodman huko Hall Green, Birmingham, hukaa kimya mbele ya mtu mwenye haraka hata akiipiga kiki mpaka jasho limtoke. Anayeijua huianza mbali. Hubana klachi na kushusha kiki mara moja au mbili, ili sahani za klachi zilizogandamana kwa kukaa ziachane. Hufungua petroli, kisha hubonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa kabureta ya Amal mpaka petroli imlowanishe kidole. Kwa zile zenye kijiwiko cha moto kwenye usukani, huchelewesha moto wa plagi, maana moto ukiwahi, kiki hurudi juu kwa nguvu ya kuweza kuvunja kifundo cha mguu. Baada ya hapo hushusha kiki taratibu, akitafuta kwa unyayo mahali ambapo pistoni inakataa kupanda. Akipapata, huinua valvu ya moshi kwa kijiwiko kingine, huivusha pistoni kileleni kidogo tu, na kuiachia kiki irudi juu. Ndipo anapoisukuma mara moja, kwa uzito wa mwili wote, mpaka chini kabisa, bila kugusa eksileta. Injini inaitika.

Naupenda utaratibu huu kuliko kasi yenyewe, ingawa kasi nayo ilikuwapo. Mwezi Machi 1961, kwenye uwanja wa mashindano wa Montlhéry karibu na Paris, waendeshaji walipokezana Venom kwa saa 24, usiku na mchana, na wastani wao ukapita maili 100 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 160. Hakuna pikipiki ya ukubwa wowote iliyokuwa imewahi kufanya hivyo.

Ukiwakuta Waingereza wanaopenda pikipiki za zamani wamekusanyika, unaweza kukisia umri wa kila mmoja kwa kumuuliza alijifunzia pikipiki gani. Wenye umri mkubwa kabisa wengi watakutajia BSA M20, iliyotengenezwa zaidi ya 120,000 kwa ajili ya vita. Amani iliporudi, jeshi liliziuza kwa bei ambayo kijana wa kiwandani aliimudu. Ilikuwa nzito na ya polepole, lakini ilivumilia mafuta mabaya na fundi mchanga. Aliyeoa alifunga kigari cha ubavuni, mke na mtoto wakaingia, na familia ikaenda pwani siku ya Jumapili. Pikipiki ya namna hiyo iliharibika na kutengenezwa kando ya barabara, na mtoto aliyekaa kwenye kigari alishuhudia kila kitu.

Wadogo zao ndio waliojaa mkahawa wa Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular jijini London, miaka ya 1950 na 1960. Magazeti yaliandika juu ya makoti yao ya ngozi na mwendo wao. Ningependa yangeandika zaidi juu ya mikono yao, kwa sababu vijana hao walibuni pikipiki iliyoitwa Triton. Fremu bora ilikuwa ya Norton, ile iliyoitwa Featherbed, kazi ya Rex McCandless wa Belfast, iliyoingia mashindanoni mwaka 1950 na kushika kona bila kuyumba. Injini iliyopendwa ilikuwa ya Triumph, silinda mbili, ya ukoo ulioanzishwa na Edward Turner kwa Speed Twin ya mwaka 1937. Basi waliziunganisha. Bamba la alumini la kushikilia injini ndani ya fremu ya kigeni halikuuzwa kwa kila mtu, hivyo wengi walilichora kwenye karatasi ngumu, wakalikata kwa msumeno wa mkono na kulisawazisha kwa tupa mezani kwa mama. Cheni ya nyuma ilipaswa kukaa kwenye mstari mmoja na gia ya mbele. Ikipinda kidogo tu, inakula meno. Waliofanya hayo walikuwa na miaka 18 au 19.

Sheria nayo iliwapanga watu. Kuanzia 1961 mwanagenzi alizuiwa kuvuka cc 250, na viwanda vikamtengenezea za kwake, kama Royal Enfield Continental GT ya 1964 yenye gia tano. Mwishoni mwa 1971 kijana wa miaka 16 akabakishiwa cc 50. Kizazi hicho kikakua na Yamaha, na kaka zao wakaitazama Honda CB750 ya 1969 inayowaka kwa kubonyeza kitufe. Velocette ilifunga 1971. Huko Meriden wafanyakazi wa Triumph walikikalia kiwanda mwaka 1973 kisifungwe, wakakiendesha kwa ushirika hadi 1983. Kwa hiyo waliozaliwa baada ya 1955 wengi wao waliziendea pikipiki za Kiingereza utu uzimani, watoto walipokwisha kuhama nyumbani. Hawakurithi ujuzi kwa kutazama, wakausoma vitabuni. Wasidharauliwe kwa hilo. Kati ya wote, hao ndio wanaoandika kila walichokifungua na tarehe yake, na daftari zao zitawafaa wengine.

Leo vijana huingia kwa mlango wa Bantam. BSA ilianza kuiuza mwaka 1948, ikiwa na injini ndogo ya cc 123 iliyofuata mchoro wa DKW ya Kijerumani, mchoro uliochukuliwa kama fidia ya vita na kugeuzwa kushoto kulia. Vijana wa posta waliitumia kupeleka simu za maandishi ikiwa imepakwa rangi nyekundu. Kwa kuwa hiyo ya cc 123 haizidi cc 125, mwenye miaka 17 aliyemaliza mafunzo ya msingi anaruhusiwa kuiendesha barabarani akiwa amebandika herufi L. Injini yake haina valvu za kurekebisha. Anayeifungua mara ya kwanza anaona pistoni, ringi na silinda, na anaelewa kazi yake siku hiyo hiyo. Sijui shule nzuri kuliko hiyo.

Kisha anakutana na spana, na hapo ndipo mzee anapohitajika. Pikipiki hizi zilifungwa kwa vipimo vya Kiingereza, ambavyo mizizi yake ni kazi ya Joseph Whitworth ya mwaka 1841. Spana ya milimita inaingia karibu sawa, na hiyo "karibu" ndiyo inayokula pembe za nati. Namba iliyoandikwa kwenye spana ya Whitworth hupima unene wa bolti, wala si upana wa nati, kwa hiyo mgeni huchukua spana isiyo yenyewe kila mara. Katika pikipiki moja unaweza kukuta nyuzi za aina tatu. Mwenye uzoefu huingiza bolti kwa vidole vyake kwanza, na ikigoma katika mzunguko wa pili anaitoa na kutafuta nyingine.

Hesabu nyingine hukaa vidoleni moja kwa moja. Skrubu ya kurekebisha valvu za Triumph ina nyuzi 26 kwa inchi, kwa hiyo robo ya mzunguko ni kama robo ya milimita. Fundi aliyelijua hilo anaweza kuikaribia nafasi ya valvu bila kipimo, kando ya barabara, akisikiliza mlio wa chuma kugusa chuma. Ni ujuzi wa kubeba safarini. Mwandishi wa habari Ted Simon aliondoka Uingereza mwaka 1973 kwa Triumph Tiger 100 ya cc 500, akapita Kenya na Tanzania akielekea kusini, akaizunguka dunia kwa miaka minne, na injini yake ilifunguliwa njiani. Pikipiki hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Coventry.

Walio hodari kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wale wa Pioneer Run, msafara ulioanza mwaka 1930 kutoka pembezoni mwa London kwenda Brighton kwa pikipiki zilizotengenezwa kabla ya 1915. Nyingi hazina klachi wala gia. Mwendeshaji anaisukuma akikimbia, injini ikishika anarukia kiti. Oili haijipeleki yenyewe, anaipampu kwa mkono kila baada ya maili chache, akikisia mahitaji kwa moshi unaotoka nyuma na kwa ukali wa mlima. Hewa, petroli na moto kila kimoja kina kijiwiko chake, na vyote hubadilishwa pamoja mlima unapoanza. Mvua ikinyesha, mkanda unaozungusha gurudumu la nyuma unateleza. Wapo wanaofanya hivyo wakiwa na miaka 80.

Goti, hata hivyo, huchoka kabla ya sikio. Mzee anayeijua Velocette yake kwa miaka 60 anafika siku ambayo mguu hauwezi tena kuishusha ile kiki mpaka chini. Wengine hufunga stata ya umeme, na ni haki yao. Wengine humwita kijana. Kijana anakanyaga, mzee amesimama kando akisikiliza, anasema bado, rudisha, tafuta kilele tena, sasa. Kitabu cha kiwanda kinaeleza hatua zote hizo, lakini hakiwezi kumwambia kijana kwamba unyayo wake umeteleza kabla ya wakati. Vipuri vya pikipiki hizi bado vinatengenezwa. Waliozinunua zikiwa mpya wanapungua kila mwaka. Mwenye mzee wa namna hiyo jirani amwendee wikiendi hii, aombe kufundishwa, na aje na mguu wake.