Mathenge Hakuandika Kitabu

Kila nikishuka tao napita Kimathi Street, na mara nyingi nakuta mtu anapiga picha na ile sanamu. Kimathi ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Kalamu hakuna, na huyu mtu aliandika sana: barua, amri, kumbukumbu za mikutano msituni. Sehemu kubwa ya tunachojua kumhusu imetoka kwenye karatasi, zake na za mwalimu mmoja wa Nyeri aliyekuwa karani wake, Karari Njama.

Juzi nimemaliza kusoma tena *Mau Mau from Within*, kitabu ambacho Njama alikitoa mwaka 1966 pamoja na Donald Barnett, mwanaanthropolojia wa Marekani. Ni kinene, na kusema ukweli zile sehemu za uchambuzi za Barnett nilizirukaruka. Njama ndiye anakushika. Baridi ya Nyandarua, njaa, waganga wanaotabiri, wanaume wazima wanaogombania vyeo. Anaingia msituni 1953, anapewa ukarani kwa sababu amesoma, na kuanzia hapo yuko kila mahali penye jambo. Yuko Mwathe, Agosti mwaka huo, vikosi vikijaribu kukaa chini ya baraza moja. Yuko Februari 1954, baraza likigeuka kuwa Bunge la Kenya na Kimathi kuwa kiongozi wake.

Shuleni tulifundishwa mgawanyiko mmoja tu: wapiganaji huku, homgadi kule. Huo ulikuwepo, na ulimwaga damu. Lari, Machi 1953, ugomvi wa ardhi ulioanza watu walipohamishwa Tigoni kupisha walowezi ulikuwa na mkono mkubwa katika nani alichomewa nyumba usiku ule. Lakini Njama anakuonyesha ufa mwingine, ndani ya msitu wenyewe. Upande mmoja kuna Bunge la Kimathi, la watu waliopita darasani hata kama ni kidogo. Upande wa pili kuna Kenya Riigi ya Stanley Mathenge, ambako wengi hawakusoma. Riigi kwa Kikuyu ni mlango. Hawa wa mlango walisema wasomi wanajipendelea, wanajipa vyeo, wanaiga mambo ya Wazungu waliokuja kuwapiga. Mwaka 1955, serikali ilipotaka mazungumzo ya kujisalimisha, mambo yaliharibika kabisa, maana kwa Kimathi hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuzungumza bila Bunge.

Na usiniambie ni mambo ya kimaeneo. Maeneo yalikuwa na uzito wake, ndiyo. Mlima Kenya, chini ya Jenerali China, ulijiendesha kivyake. Ila Kimathi, Mathenge na Njama wote ni watu wa Nyeri. Kilichowatenganisha hapa kilikuwa daftari.

Hapo ndipo kitabu kinanipa shida, ingawa nakipenda. Njama ni mwaminifu kuliko waandishi wengi wa vita: malalamiko ya Riigi anayaweka, hata yanayomchoma yeye mwenyewe. Lakini anayaweka kwa sentensi zake, zikiwa zimepangwa vizuri, miaka kama kumi baadaye. Hotuba zinaenda kurasa nzima. Sidai anadanganya. Ninachosema ni kwamba kwenye ugomvi kati ya waliosoma na wasiosoma, shahidi wetu mkuu ni karani wa waliosoma. Sisi tunaopenda vitabu tunakaa upande wake hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Mimi nilikaa. Mara ya kwanza nilipokisoma, nikiwa chuo, Mathenge alinionekania kama mtu mkaidi tu anayeharibu mipango ya watu.

Mwaka jana nikiwa ushago nilimsomea cucu yangu kurasa kadhaa, nikimtafsiria. Hajui kusoma. Alisikiliza mkutano mzima, azimio baada ya azimio, halafu akaniuliza, “Na waliopeleka chakula wamesema nini?” Nikatafuta. Wametajwa, wanasifiwa, lakini hakuna mahali wanapozungumza kwa kirefu jinsi viongozi wanavyozungumza. Nikamwambia bado sijafika hapo.

Mathenge alipotea msituni mwaka ule wa 1955. Wengi waliamini alitembea hadi Ethiopia. Mwaka 2003 serikali ilimleta Nairobi mkulima mzee kutoka huko, akapokelewa kama shujaa aliyerudi nyumbani. Vipimo vya DNA vikaonyesha siye. Ingekuwa ni Kimathi amerudi, tungempa kalamu aandike jina lake, kisha tulinganishe na zile barua.